Barua kutoka Lexington: Oscar alifunga 30, na bado tukatolewa

Lexington, Kentucky
10 Aprili 2022

Baba Mdogo mpendwa,

Jambo sana. Sisi tu wazima. Watoto wanakwenda shule, mama yao amebadilishiwa zamu na sasa analala usiku kama watu wengine, na baridi imeanza kutuachia. Hela ya dawa za Bibi nimeituma juzi, nijulishe ikifika.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Swali lako ndilo linaloulizwa mji huu mzima: timu yetu ya mpira wa kikapu, yenye Oscar Tshiebwe, imetolewaje mechi ya kwanza ya mashindano ya vyuo, tena na chuo ambacho hata jina lake hukuwahi kulisikia? Siku ile nilianza kukujibu kwa simu nikakata, maana uchungu ulikuwa bado mbichi. Sasa zimepita zaidi ya wiki tatu. Leo Jumapili nyumba imetulia, nimeketi mezani nakuandikia kama ulivyokuwa ukitutaka zamani baada ya kila mechi, kila mtu na daftari lake, aeleze mchezo ulitutoka wapi.

Lexington haina timu kubwa ya kulipwa. Timu ni ya Chuo Kikuu cha Kentucky, na wenyeji wameirithi kutoka kwa mababu zao. Ina makombe manane ya taifa, la kwanza la 1948 na la mwisho la 2012. Uwanja wao, Rupp Arena, unaingiza watu zaidi ya elfu 20 na bado tiketi ni za kuhangaikia. Fikiria Lubumbashi na timu yao ya soka, Mazembe: asubuhi ya Jumatatu huhitaji kuuliza matokeo, unayasoma kwenye nyuso za watu. Ndivyo ilivyo hapa. Na sisi Wakongomani tumekuwa wengi mjini, hata shule inatuandikia kwa Kiswahili. Basi Oscar alipohamia hapa mwaka jana kutoka chuo cha West Virginia, kwetu ilikuwa kama ndugu amehamia mtaa wa pili. Mtoto wa Lubumbashi, aliyetoka nyumbani 2015 akiwa na miaka 15, leo jina lake linaimbwa na wazee wa Kizungu ambao Kongo hawajui iko wapi kwenye ramani. Mwanangu wa pili ana jezi yake namba 34. Ameivaa mpaka namba imeanza kubanduka.

Na alicheza, Baba Mdogo. Msimu mzima wastani wake ulikuwa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mechi, yaani ile mipira inayodunda kwenye chuma baada ya mtupo kukosa. Desemba, dhidi ya Western Kentucky, alichukua ribaundi 28, na hakuna mtu aliyewahi kufika hapo ndani ya Rupp Arena. Mwezi huu wametangaza kwamba yeye ndiye mchezaji bora wa mwaka wa vyuo nchi nzima. Ungemwona anavyoifuata ribaundi! Hasubiri mpira ushuke. Anasoma mkono wa mrushaji, anajua utadundia upande gani, na wengine wakianza kutazama juu yeye ameshaweka mgongo mahali pake. Ni lile somo lako la mgongo, ulilotufundisha kwa kutusukuma na begi la mipira.

Sasa nikupeleke kwenye jeraha lenyewe. Mashindano ya Machi yana timu 68 na ni ya mtoano: ukifungwa mara moja unafunga mizigo. Katika kila kanda timu zimepangwa kwa ubora kuanzia 1 hadi 16, na aliye juu anaanza na aliye chini. Sisi tulikuwa namba 2, wapinzani wetu Saint Peter's walikuwa namba 15. Tangu mpangilio huo uanze 1985, namba 15 walikuwa wamewatoa namba 2 mara tisa tu. Saint Peter's ni chuo kidogo cha Jersey City, cha Wajesuiti, walewale wa shule yetu ya Alfajiri ya Bukavu. Kocha wetu John Calipari analipwa zaidi ya dola milioni 8 kwa mwaka. Timu nzima ya Saint Peter's, safari, viatu na makocha wake wote, haigusi hata robo ya fedha hiyo.

Mechi ilikuwa Alhamisi usiku, 17 Machi, kule Indianapolis. Tuliitazamia kwa kinyozi wetu, mtu wa Uvira. Alizima mashine akasema hanyoi mtu mpaka mpira uishe. Mpaka mapumziko hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Kipindi cha pili tukaanza kunyamaza mmoja mmoja. Vijana wale hawakuwa na woga hata kidogo. Daryl Banks alikuwa anasimama, anaruka, anarusha, inaingia. Doug Edert, mwenye masharubu membamba, akitoka benchi naye vilevile. Na ndani mapacha wawili kutoka Mali, Hassan na Fousseyni Drame, wakimbana Oscar huku na huku. Muda ukaisha 71 kwa 71. Katika muda wa nyongeza wakatuacha: 85 kwa 79. Oscar peke yake alifunga pointi 30 na kuchukua ribaundi 16. Kinyozi aliwasha mashine yake, akaishika tu mkononi inaunguruma, hakuna aliyekwenda kwenye kiti.

Tangu usiku ule ni mabishano. Kazini kwetu ghalani yanaanza wakati wa kuvaa glavu na hayaishi mpaka tutoke.

Kuna mzee mmoja, mzaliwa wa milimani mashariki mwa jimbo, ambaye anawabebesha lawama zote makocha. Hoja yake si nyepesi. Mwaka jana timu ilishinda mechi 9 ikafungwa 16, aibu ambayo hapa hawakuwa wameiona kwa miaka mingi sana. Nusu fainali ya taifa hatujaiona tangu 2015. Anasema mchezo umebadilika, watu wanarusha kutoka mbali na kuacha nafasi uwanjani, na sisi bado tunasongamana chini ya kikapu. Kisha anamtaja Shaedon Sharpe, kijana aliyefika Januari, akafanya mazoezi na timu na kukaa benchi na nguo za kawaida mpaka msimu ukaisha bila kugusa mpira hata dakika moja. Wanasema ataondoka moja kwa moja kwenda NBA, ile ligi kubwa ya kulipwa. Mzee akifika hapo sauti inamkatika. Mimi kwa Sharpe siungani naye. Kijana hakuwa amejiunga ili acheze msimu huu, na timu iliyofika namba 2 bila yeye haikutolewa kwa sababu yake.

Wengine wanasema ni majeraha, na hapo nawasikiliza zaidi. Kumbuka nilivyokusimulia Januari. TyTy Washington alitoa pasi 17 za vikapu katika mechi moja na Georgia. Wiki moja baadaye tuliwafunga Tennessee 107 kwa 79. Desemba tulikuwa tumewafunga North Carolina 98 kwa 69, na tarehe 29 Januari tukaenda nyumbani kwa Kansas tukawapiga 80 kwa 62. Jumatatu iliyopita nani wamecheza fainali ya taifa? Kansas na North Carolina! Kansas wametwaa kombe 72 kwa 69. Nilikaa sebuleni nikitazama timu mbili ambazo sisi tulizifunga kwa tofauti kubwa zikigombea kombe letu. Ndiyo, naliita letu. Mama watoto aliniambia nizime televisheni nikalale, sikuweza.

Basi kati ya ushindi ule na usiku wa Indianapolis kulitokea nini? TyTy aliumia kifundo cha mguu, akarudi, akaumia tena. Sahvir Wheeler, mwanzishaji wetu wa mchezo, naye akaumia. Februari kuna mechi walikosekana wote wawili. Walirudi, lakini TyTy hakuwa tena yule wa Januari, alikuwa kama mtu anayeupima mguu kabla ya kuukanyagia. Kellan Grady, ambaye msimu mzima alikuwa akizitia zile za pointi tatu kama anaweka vitu mfukoni, Machi mikono ikapoa. Na mitupo huru tuliiacha mingi mno, mitupo ambayo hakuna mtu anakuzuia, ni wewe na pumzi yako. Ungekuwepo ungetukimbiza mizunguko mpaka giza liingie.

Lakini kuna hoja moja iliyoniumiza kuliko zote, na ndiyo sababu hasa ya barua hii. Kuna kijana kazini, anaujua mpira, si mropokaji. Yeye anasema tulitolewa kwa sababu ya Oscar. Anasema Saint Peter's walimvuta kwa makusudi: mwenzao mmoja anasimama njiani amkinge mlinzi wetu, Oscar inabidi atoke chini ya kikapu, naye akitoka huwa amechelewa hatua moja, na hatua hiyo ndiyo Banks alihitaji. Siku ya kwanza nilimjibu vibaya. Nilimwambia mtu amefunga 30 na ribaundi 16 unamtakia nini tena, damu? Nikaondoka. Usiku sikulala vizuri.

Nikaitafuta mechi nikaitazama upya peke yangu, kwa daftari kama zamani, nikiirudisha nyuma kila kikapu chao cha kipindi cha pili na cha nyongeza. Baba Mdogo, kijana yule ana sehemu ya ukweli. Oscar anachelewa. Amezoea kukaa karibu na chuma kwa sababu ribaundi ndiyo chakula chake, na miguu yake inasita kutoka. Nimeliandika hilo na nimelikubali, ingawa mkono ulikuwa mzito.

Ila nikaona na kitu kingine ambacho yeye hakukisema. Wewe ulikuwa unatupigia kelele neno lilelile kila siku: pivo, yule mkubwa wa chini ya kikapu, akitoka, nani ameingia? Mara nyingi hakuingia mtu. Oscar akitoka, pembeni wanamtazama. Asipotoka, wanamtazama vilevile. Upande wa pili wa uwanja hadithi ni hiyohiyo: mpira anapelekewa yeye akiwa amebanwa na wawili, na wanne wanasimama kungoja ribaundi atakayoichukua yeye mwenyewe. Januari haikuwa hivyo. Januari TyTy na Wheeler walikuwa wanapenya, ulinzi unawafuata, na Oscar anamalizia. Walipoumia, timu ilijifunza kumpa Oscar kila mzigo, ikashinda mechi kadhaa hivyo, ikadhani hiyo ndiyo njia. Hata hao wawili waliporudi, mazoea yalikuwa yameshaota mizizi. Ndivyo ninavyoamini mimi. Nimeshabishana na wote na bado naamini hivyo. Tulimwachia mtoto mmoja mzigo wa watu watano, na Saint Peter's walikuwa watano kwelikweli.

Maana nao wapewe haki yao. Hapa wengi wanaongea kana kwamba tulijifunga wenyewe. Vijana wale baada yetu waliwatoa Murray State, halafu Purdue, 67 kwa 64, wakawa namba 15 wa kwanza kuingia robo fainali. North Carolina ndio waliowasimamisha. Timu inayobahatisha haibahatishi mara tatu mfululizo. Kocha wao Shaheen Holloway aliwafundisha kulinda, na waliamini alichowafundisha. Nilimwambia hivyo yule mzee wa milimani. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema alikuwa Rupp mara ya kwanza na baba yake akiwa na miaka saba, na kwamba hajui atapata misimu mingapi mingine. Nilimshika bega. Sikuwa na neno.

Kwa yule kijana nilirudi nikamwomba radhi. Nikamwonyesha daftari. Sasa tunabishana vizuri, yeye anasema ni hatua moja ya Oscar, mimi nasema ni wanne waliosimama, na kila wakati wa chakula tunazirudia picha kwenye simu yake.

Swali kubwa sasa ni kama Oscar atabaki mwaka mmoja zaidi au atakwenda kujaribu NBA. Tangu Julai mwaka jana wanafunzi wanaocheza wameruhusiwa kupata fedha kwa majina yao, matangazo na vitu kama hivyo. Wenzake wanapata. Yeye yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi, na viza hiyo inamfunga mikono. Watu wanaopitia makaratasi kama sisi tunalielewa hilo bila kuelezwa. Namwombea abaki, na naona aibu kumwombea hivyo, kwa sababu ana mama na ndugu nyumbani Kongo na mwili wa mchezaji haungoji. Mwanangu ameniuliza kama Oscar akiondoka jezi itakuwa bado ni yake. Nimemwambia ndiyo, ni yake.

Nimemkatia mpwa wangu picha za vikapu 11, nimezipanga kwa namba, atakuja kukuonyesha kwenye simu yake Jumamosi ukitoka misa. Tazama sana namba 4 na namba 9. Katika namba 9 Oscar yuko mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, Banks ana mpira, na upande wa kushoto kuna mwenzetu ambaye hamkabi mtu yeyote. Isimamishe hapo. Niambie wewe ungemtoa Oscar, au ungemwacha chini na kumpigia kelele yule wa kushoto. Jibu nitalipeleka kazini jinsi litakavyokuwa, hata likiwa dhidi yangu.

Msalimie Mama Mdogo, msalimie Bibi, na vijana wote wa uwanjani. Nyavu mbili mpya za vikapu nimempa mtu anayekuja mwezi wa sita.

Mwanao