Chewa mkubwa tumrudishe baharini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wenzangu wanaovua kwa kujifurahisha, si kwa riziki. Wiki mbili zilizopita mlitoa picha ya chewa aliyening'inizwa mtini, mkia unakaribia kugusa mchanga, na vijana wanne wamesimama ubavuni mwake wakicheka. Niliitazama muda mrefu. Ninayo ya kwangu inayofanana nayo, imo kwenye fremu sebuleni, na kila mwaka unaopita inazidi kuniuma.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Siku sita nashona, ya saba naazima mtumbwi nikatupe mshipi wa mkono. Vidole vilivyozoea uzi husikia mengi. Changu hudonoadonoa kama kuku. Kolekole hupiga mara moja akatoka mbio, na hapo ndipo mshipi unapoimba. Chewa hana haraka. Humeza chambo, akageuka, akarudi zake shimoni, nawe unadhani umenasa mwamba, mpaka mwamba uanze kutembea.

Yule wa kwenye fremu nilimpata mwaka 1998, upande wa kisiwa cha Yambe. Yalikuwa maji mafu, mkondo hauna nguvu, chubwi limeshuka wima, na chambo ni kipande cha ngisi. Vidole nilikuwa nimevivika vipande vya tyubu ya baiskeli, na bado mshipi ulinichana mpaka damu. Tulipomfikisha soko la Deep Sea mizani ilisoma kilo 41. Watu wakajaa, mpiga picha akaitwa. Nyama tuligawa kwa majirani wa barabara nzima, na nyingine ikaharibika, maana hatukuwa na jokofu.

Palikuwa na mzee mmoja ameketi pembeni akitengeneza jarife lake, wavu wa kuvulia samaki wakubwa. Hakunyanyuka kuja kutazama. Nilipopita karibu naye akaniambia, "Mwanangu, umemtoa mwenye nyumba."

Sikumwelewa. Nilirudi mwamba ule mwaka hadi mwaka, nikivizia maji mafu yale yale, kwa ngisi yule yule. Nilipata changu, nilipata vichewa vya kutosha sahani moja. Mkubwa sikumwona tena.

Aliyenifumbua macho ni mteja, mtaalamu wa samaki aliyeleta suruali zake kupunguzwa. Tulizungumza mpaka jioni. Alinieleza kwamba chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, wakataga mayai kwa miaka kadhaa, kisha baadhi yao wakishakuwa wakubwa hugeuka madume. Kwa hiyo anayetafuta mkubwa wa kupigia picha anaokota madume, mmoja baada ya mwingine, na majike yanabaki bila wa kuyarutubishia mayai. Tena samaki huyu hukawia kukua, na hukaa pango lake lile lile, ndiyo maana ni rahisi kumrudia mpaka aishe. Nikamkumbuka mzee wa jarife. Alikuwa amenipa somo zima kwa maneno machache.

Baharini kwetu kumeshateswa vya kutosha. Nimekua nikisikia milio ya baruti kutoka majini, na mama yangu alikuwa akimbonyeza samaki sokoni kabla ya kulipa: wa baruti nyama yake imelegea na uti wa mgongo umevunjika. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza baruti, lakini milio iliendelea miaka mingi baada yake. Sasa ninamaliza Jumapili nyingi bila kusikia hata mmoja, na ninaona vichewa kwenye miamba iliyokuwa kifusi. Tangu mwaka 2009 tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, na Yambe imo ndani yake. Silikanti, yule samaki wa kale wa kilindini, amepata heshima yake, naye anastahili. Naombea na chewa.

Mwaka 2019 nilikuwa nje kidogo ya Ras Kazone pamoja na shemeji yangu na mjukuu wangu wa kike, miaka tisa wakati huo. Maji hayakuzidi mita tano. Nikanasa mwamba, mwamba ukatembea. Nilimleta taratibu. Alipofika juu alilala ubavu kando ya mtumbwi, hudhurungi mwenye madoa, mapezi ya kifuani yamefunguka kama vipepeo vya mkono, na jicho lake likazunguka likatutazama mmoja mmoja. Mfukoni nilikuwa na futi yangu ya kushonea. Mjukuu akaishika ncha ya mkia, mimi mdomoni: sentimita 108. Nikaichomoa ndoana kwa koleo, nikamshika chini ya taya ndani ya maji, uso wake umeelekea mkondo. Matamvua yakafunguka, yakafunga. Kisha mkia ukapiga mara moja, maji yakaturukia usoni, akaenda.

"Shemeji, umekitupa kitoweo cha wiki nzima!" Hakunisemesha tena mpaka tulipofika nchi kavu. Mjukuu alichukua kalamu ya wino akatia alama kwenye futi, pale penye 108.

Anayelisha watoto kwa jarife au mshipi simgusi, sina mdomo wa kumwambia arudishe chochote. Nasema na sisi wenye mishahara na maduka, tunaokwenda kwa raha. Kolekole mchukue, changu mchukue, mle na familia. Chewa anayeuzidi urefu wa mkono wako mwachie. Mlowanishe viganja kabla ya kumshika, na msimnyanyue kwa matamvua. Na msishushe mshipi kilindini kumtafuta yeye, kwani anayevutwa kutoka chini sana hufika tumbo limejaa hewa na macho yamemtoka, na hata ukimwachia mara nyingi hawezi kuzama.

Nawe Mhariri, mkiletewa picha za samaki mzipe nafasi zile ambazo samaki bado yumo majini. Na vijana wale wanne sina kinyongo nao. Nilikuwa kama wao. Wakipita Ngamiani waulizie fundi mwenye picha ya chewa. Nitawapa futi kila mmoja, bure, na Jumapili ya maji mafu tutakwenda pamoja.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga