Malalamiko: trekta langu halikutolewa upepo na stata ikaunguzwa

Kwa Meneja wa Huduma,

Ndugu Meneja,

YAH: KUUNGUZWA KWA STATA BAADA YA MATENGENEZO YA MFUMO WA DIZELI

Nililileta kwenu trekta langu la zamani, injini ya dizeli ya silinda nne, pampu ya kimakanika isiyo na kompyuta yoyote. Lilikuja likiwaka vizuri; shida ilikuwa moshi mweusi na pampu kuvuja. Mafundi wenu walishusha pampu na nozeli zinazopulizia dizeli kwenye silinda, wakafunga sili mpya, wakabadilisha filta za dizeli. Kazi hiyo sina ugomvi nayo. Ninacholalamikia ni jinsi injini ilivyowashwa baada ya hapo.

Siku ya kulichukua nilimkuta fundi kwenye kiti anapiga stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake. Alipiga mfululizo karibu dakika nzima, akaachia kidogo, akapiga tena. Ekzosi haikutoa hata uzi wa moshi. Injini ya dizeli inayozungushwa hivyo bila moshi wowote haipati mafuta, na hilo peke yake lingetosha kumshusha kitini. Nikamuuliza kama upepo umetolewa, yaani hewa inayobaki kwenye mabomba ya dizeli mfumo ukifunguliwa. Akanijibu kwamba pampu itavuta yenyewe.

Haivuti yenyewe, angalau si kabla stata haijaungua. Nozeli hazifunguki mpaka zisukumwe kwa shinikizo la zaidi ya baa 100, na upepo uliomo kwenye bomba hubanwa na kutanuka tu huku nozeli zimefunga. Wakati huohuo vyuma vinavyosuguana ndani ya pampu vinakosa dizeli, ambayo ndiyo inayovilainisha. Pampu mliyoitengeneza kwa siku nne mlikuwa mnaisaga kavu mbele ya macho yangu.

Stata ilipoanza kunuka, fundi alileta kopo la etha, dawa inayowaka upesi sana, akapuliza kwenye njia ya hewa huku msaidizi akipiga ufunguo. Injini hii ina plagi za kupasha joto! Etha ikikutana na plagi yenye moto huweza kulipuka palepale, na hata plagi zikiwa baridi huwaka mapema, pistoni ikiwa bado inapanda. Injini iligonga mara mbili kama bloku imepigwa nyundo, ikanyamaza. Nikawaomba waache.

Nililivuta hadi nyumbani na kesho yake nikatoa upepo mwenyewe. Nililegeza skrubu ya juu ya filta, nikashika mkono wa pampu ndogo ya kuvutia dizeli kutoka kwenye tangi. Ulikuwa unacheza bure, hauna uzito, kwa sababu kamu, kile kinundu kinachozunguka na kuisukuma pampu hiyo, ilikuwa imesimama pabaya. Nikaizungusha injini kidogo kwa spana kwenye puli, ukashika. Likatoka povu jeupe, na halikuisha. Basi kuna mahali palikuwa panaingiza hewa. Nikafungua boliti ya bomba linalotoka kwenye tangi, nikakuta washa ya shaba ni ileile ya zamani, imebonyea, ina mfereji ambao ukucha unakwama. Upande ule ni wa kuvuta: palipolegea pananyonya hewa wala si lazima padondoshe dizeli, kwa hiyo anayetafuta uvujaji kwa macho anaweza asione kitu.

Nilipoweka washa mpya, povu likageuka dizeli safi. Nikafunga skrubu ya filta, nikahamia ya pampu mliyoitengeneza, kisha nikalegeza nati za mabomba manne kwenye nozeli. Stata sekunde kumi, ikapumzika dakika mbili, sekunde kumi tena. Ilizunguka kwa uzito, lakini dizeli ikaanza kuruka kwenye nati. Nikakaza. Injini ikashika kwa silinda mbili, ikayumba na moshi mweupe, halafu zote nne zikaitika. Kazi nzima haikufika saa moja.

Siku tatu baadaye stata ilikufa. Fundi umeme aliyeifungua alikuta kaboni zinazopeleka umeme ndani yake zimeungua na maungio ya waya yameyeyuka.

Kwenye ankara yenu kuna mstari ulioandikwa "kuwasha na kujaribu injini", nami niliulipia. Naomba mnirudishie fedha za mstari huo na mnilipe gharama ya kutengeneza stata. Naomba pia pampu na nozeli zipimwe upya mbele yangu, na kompresheni, yaani mbano wa hewa, ya silinda zote nne ipimwe kwa sababu ya ile etha, matokeo niyapate kwa maandishi. Washa zote za shaba mlizozirudisha zikiwa kuukuu zibadilishwe.

Liko jambo jingine, halihusu trekta langu. Nilimwona kijana wenu akipapasa nati za mabomba ya nozeli kwa vidole huku stata inapigwa. Dizeli yenye shinikizo hilo hupenya ngozi; jeraha huonekana dogo kama tundu la sindano, na mtu anaweza kukatwa kidole au mkono kwa ajili yake. Tafadhali mwambieni leo, msingoje kunijibu mimi kwanza.

Nakala ya ankara na picha za stata iliyofunguliwa nimeziambatanisha. Washa ya zamani ninayo, nitakuja nayo. Nasubiri majibu yenu ya maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mwenye trekta