Harambee ya kompyuta: tunaomba pia waya, swichi na wavu wa dirisha

Ndugu wazazi, walezi, majirani wa Ilemela, na wahitimu wetu mlioko Ukerewe, Sengerema na kwingineko,

Kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi ndani ya chumba chenye kufuli haimfundishi mtu. Mashine nyingi za misaada huishia hivyo kwa sababu mchango ulikomea dukani: hakukuwa na fungu la nyaya, wala la vipuri. Harambee hii ya shule yetu inaomba shilingi 15,420,000, na kati ya hizo shilingi 6,420,000 hazitanunua kompyuta mpakato hata moja. Tunaomba msiione sehemu hiyo kuwa ya pembeni.

Tunataka mashine ziingie kwenye masomo ya kawaida. Chukua jiografia, mada ya hali ya hewa. Darasa la wanafunzi 60 linagawanywa makundi 20, watatu kwa mashine: mmoja anachapa, mmoja anasoma daftari la kipimamvua, mmoja anahakiki. Makundi yote yanajaza jedwali moja lililo kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayohifadhi kazi za wote, kila kundi safu yake, na grafu inajichora ukutani kupitia projekta. Makosa hujitokeza papo hapo. Kundi likiandika “12 mm” badala ya 12, kompyuta inaona neno, si namba. Jumla inaliruka, na mwezi wa masika unatokea mkavu kuliko kiangazi. Makundi mawili yakiandika kwenye kisanduku kimoja, la mwisho linafuta la kwanza. Ndiyo maana safu hugawanywa ubaoni kabla ya kuwasha mashine, maana kipindi ni dakika 40 tu.

Insha ya Kiswahili inahitaji mpangilio mwingine. Etherpad, programu ya bure ya kuandika pamoja, humpa kila mwandishi rangi yake na kuhifadhi historia ya mabadiliko, kwa hiyo mwalimu anaona nani aliandika aya ipi, nani aliboresha, na nani alikuwa abiria. Faida hiyo inapotea wanafunzi wakitumia jina moja au wakikaa watatu kwenye kibodi moja. Basi katika vipindi viwili mfululizo, wanafunzi 20 wanakaa kwenye mashine kwa dakika 25 hivi, wanne kwa kila insha, huku 40 wakiandaa hoja kwenye karatasi, kisha wanapokezana. Akitokea mtundu akafuta kazi ya kundi zima, historia inairudisha.

Haya yote hayahitaji bando. Seva inakaa shuleni na mashine zinaongea nayo ndani ya mtandao wetu wenyewe. Intaneti ikikatika, somo linaendelea.

Sasa hesabu. Kompyuta mpakato 20 zilizotumika, zenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na diski ya SSD, isiyozunguka, kwa 450,000 kila moja, ni 9,000,000. Hatutaki diski za zamani zinazozunguka: kuwaka kwake peke yake kunaweza kula robo ya kipindi. Seva ni 850,000, projekta 1,200,000. Swichi ya matundu 24, inayounganisha nyaya za mtandao, ni 350,000, na boksi la kebo la mita 305 ni 350,000. Vituo viwili vya Wi-Fi ni 560,000. Ruta moja ya nyumbani hulemewa mashine 20 zikiingia kwa mpigo, na hata vituo hivi viwili vikiachwa kwenye chaneli moja ya mawimbi vitasumbuana.

Umeme ndio unaoua mashine hapa kwetu. Chaja 20 za wati 65 ni wati 1,300, karibu ampea 6. Si mzigo mkubwa, lakini ukiupitisha kwenye ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine, yenye waya mwembamba, soketi inaweza kuyeyuka. Tunataka saketi mbili zenye breka zake, waya wa ethi uliozikwa na kupimwa na fundi, na kinga ya umeme wa ghafla, kwa 1,100,000. Hata kukiwa na kinga, ngurumo zikianza kusikika ziwani, chaja huchomolewa. UPS, yaani betri ya akiba umeme ukikatika, ni 650,000, nayo ni ya seva, swichi na Wi-Fi tu. Kompyuta mpakato zina betri zake, na kuzichomeka kwenye UPS ni kuichosha bure.

Wavu wa madirisha, wenye matundu madogo, ni 180,000. Anayeishi ufukweni amewaona wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, usiku wakafuata taa na asubuhi wakafagiwa kwa beleshi. Wakiingia kwenye feni ya kompyuta, joto linapanda na mashine inajizima. Shilingi 1,180,000 zilizobaki ni za vipuri: chaja, betri, vipanya, diski mbili za akiba. Betri iliyovimba haichajiwi tena wala haitobolewi. Inatolewa siku hiyohiyo.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa 4 asubuhi, uwanjani shuleni. Fedha zipokelewe na mhasibu pekee, naye atakupa stakabadhi. Bei za manunuzi yote zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Asiye na fedha anaweza kutoa kazi: tunahitaji fundi umeme kwa siku mbili, seremala wa kabati lenye matundu ya hewa, na mtu anayejua kubana vichwa vya kebo, kwani kichwa kilichobanwa vibaya hufanya mtandao uje na kupotea, na kumtafuta mchawi wake huchukua wiki.

Kompyuta za mezani zenye skrini za kioo kizito, tafadhali, baki nazo. Na ukileta kompyuta mpakato, njoo na chaja yake na neno la siri.