Mwanya nao uchorwe: barua kwa rafiki anayeanza kazi ya bustani ya burudani

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Habari kwamba umekabidhiwa uratibu wa modeli za kompyuta za ujenzi kwenye mradi wa bustani ya burudani imenifurahisha mno, na sikutaka kuijibu kwa ujumbe mfupi wa simu. Umeandika kwamba baada ya miaka ya hospitali na ofisi huoni tofauti kubwa: majengo ni yale yale, ila haya yamepambwa zaidi. Hapo sikubaliani nawe, na naomba unisikilize kabla hujapanga kazi yako.

Katika hospitali, modeli ya BIM, yaani jengo zima lililochorwa kwa pande tatu kwenye kompyuta pamoja na taarifa zake, inakuonyesha vitu: kuta, nguzo, boriti, mabomba, njia za nyaya. Ukivikusanya vyote kwenye Navisworks, programu ya kuunganisha modeli za makandarasi, na kutafuta vinapogongana, umemaliza sehemu kubwa ya uratibu. Kwenye bustani ya burudani, mambo yanayoweza kuuponza mradi ni nafasi ambazo lazima zibaki tupu. Nafasi hizo zina vipimo, zina sheria, zina gharama, lakini kwa kuwa hazijengwi, hakuna mkandarasi anayehisi kwamba ni zake. Na programu haiwezi kukuonya kuhusu mgongano na kitu ambacho hakuna aliyekichora.

Chukua mtambo wa rolakosta, yale magari ya burudani yanayokimbia kwenye reli inayopanda, kushuka na kupinda. Abiria amefungwa kitini, lakini mikono yake iko huru, naye ataipunga kila upande. Kwa hiyo mhandisi wa mtambo huchukua umbo la gari, akaongeza umbali ambao mikono na miguu ya abiria inaweza kufika, akaongeza akiba ya usalama, kisha akalipitisha umbo hilo kwenye reli yote, kila kona na kila mahali gari linapolala ubavu. Kinachopatikana ni mwanya mrefu unaoizunguka reli tangu kituoni hadi kurudi kituoni. Viwango vya usalama wa mitambo ya burudani, ASTM F2291 cha Marekani na EN 13814 cha Ulaya, vinataka mwanya huo uhesabiwe na ulindwe. Hakuna kinachoruhusiwa kuingia humo: tawi la mti wa bandia, taa, ncha ya mwamba, wala kichwa cha kinyunyizio cha kuzimia moto.

Sasa tazama ni akina nani wanaoubana mwanya huo. Mhandisi wa miundo ana nguzo zake. Watu wa umeme na hewa wanatafuta pa kupita. Na msanii wa mandhari anataka mwamba wake wa bandia usogee karibu na gari kadiri inavyowezekana, kwa sababu mwamba ukikaribia ndipo abiria anapoihisi kasi. Nimewasikia waratibu wakimlalamikia msanii kama msumbufu, na siafiki hata kidogo. Ukaribu ule ndio unaoufanya mtambo uwe safari. Ukiuondoa, umebaki na reli uwanjani. Kazi yako ni kumpa msanii mpaka ulio wazi ili aufikie bila hofu.

Ndiyo maana nakusihi mwanya huo uingizwe kwenye modeli ya pamoja kama kitu kigumu, chenye jina, rangi, namba ya toleo na mtu mmoja anayewajibika nacho. Kila mtu augonge kwenye skrini. Reli ikibadilishwa, mwanya mpya uingie siku hiyo hiyo na ule wa zamani ufutwe, kwa sababu nimeona timu ikichonga kwa kufuata mwanya wa toleo lililokwisha kupitwa, na hakuna aliyejua mpaka siku ya majaribio. Unajua majaribio hayo yanavyofanyika? Fremu nyepesi yenye umbo la mwanya ule hufungwa kwenye gari, kisha gari hupitishwa polepole njia nzima. Fremu ikigusa kitu, mjadala umekwisha: kitu hicho kinaondolewa. Kukata mwamba uliokwisha kupakwa rangi, ndani ya jengo lililokwisha kuezekwa, ni kazi ya kuvunja moyo kwa fundi aliyeuchonga.

Tena mwamba una mtego wake. Mchongaji huanza na umbo dogo la mkono, linaskaniwa, linakuzwa kwenye kompyuta, linagawanywa vipande, na mashine inakunja nondo za kila kipande kwa kufuata modeli. Kila kipande kina namba, kinapelekwa eneo la ujenzi na kutundikwa kwenye chuma. Mpaka hapo kompyuta inatawala. Baada ya hapo zege hurushwa juu ya nondo kwa pampu, na mafundi hulichonga likiwa bado bichi, kwa mkono na kwa jicho. Modeli nyingi nilizoletewa ziliishia kwenye nondo. Uso wenyewe wa mwamba, ule ambao mkono wa abiria ungeugusa, haukuwemo. Dai uso wa nje, pamoja na unene wa zege na nafasi kidogo ya mkono wa fundi, kwa sababu fundi mzuri hatafuata mstari kama mashine, na hatupaswi kutaka afanye hivyo.

Kuhusu mtengenezaji wa mtambo, jiandae mapema. Kampuni kama Mack Rides ya Ujerumani, Vekoma ya Uholanzi au Bolliger & Mabillard ya Uswisi ni watu wa mashine. Watu wa mashine kwa kawaida huchora kwa programu za mitambo, si za majengo, na faili zao zinaweza kubeba kila bolti. Huzihitaji bolti hizo. Unahitaji mstari wa kati wa reli, mwanya wa usalama, uzito na nguvu zinazoshuka kwenye kila mguu wa chuma, mahali pa bolti za msingi, mahitaji ya umeme na hewa, na nafasi ya kutengenezea mtambo. Yaandike hayo kwenye mkataba wa taarifa kabla ya yote, pamoja na nukta moja ya sifuri ambayo kila modeli itapimwa kutoka hapo. Faili za IFC, muundo wa wazi wa kubadilishana modeli kati ya programu, husaidia sana kwa majengo. Kwa mtambo usizitegemee mpaka umezijaribu.

Na kumbuka kwamba reli hutengenezwa kwa milimita ilhali zege humiminwa kwa sentimita. Wote wako sahihi kwa viwango vyao. Baada ya kumimina misingi, skani kwa leza, linganisha wingu la nukta, yaani vipimo vilivyochukuliwa na leza, na modeli, na umpelekee mtengenezaji hali halisi kabla reli haijasafirishwa. Hilo pekee linaweza kuokoa ugomvi wa wiki nyingi.

Upande wa ratiba ndio ninaoupenda kuliko yote. Walt Disney Imagineering, kitengo cha Disney kinachobuni bustani zake, walishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kuunganisha modeli na ratiba ya ujenzi wa Paradise Pier, sehemu ya bustani ya Disney iliyofunguliwa California Februari 2001. Wakati huo Revit, programu ya BIM inayotumika sana leo, ndiyo kwanza ilikuwa imetoka. Walichotafuta ni kile unachokihitaji wewe: kuona nani atakuwa wapi mwezi gani, na ni nafasi gani lazima ibaki wazi mpaka mwezi huo. Magari ya mtambo yataingia kupitia ukuta upi? Kreni itasimama wapi, na mkono wake utazunguka juu ya nini? Jukwaa la wachongaji litakaa wapi wakati mafundi wa reli nao wanataka kupandisha vipande vyao? Kreni na majukwaa yaingize kwenye modeli, yakiwa na tarehe ya kuingia na ya kutoka. Nafasi ya muda ni nafasi pia.

Mlima wa bandia wa Expedition Everest, kwenye bustani ya Disney huko Florida, uliofunguliwa Aprili 2006, ni somo ninalolirudia mara kwa mara. Mna miundo mitatu ndani yake: mlima, reli ya rolakosta, na mashine kubwa ya Yeti, lile zimwi la theluji la hadithi, kila mmoja ukisimama kwa miguu yake bila kuegemea mwingine. Kuitenganisha kwa namna hiyo ndani ya umbo moja lenye urefu wa karibu mita 60 ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini mwendo mkubwa wa Yeti ulisimamishwa muda mfupi baada ya ufunguzi, na Joe Rohde, aliyeongoza ubunifu wa mlima huo, alieleza hadharani kwamba mashine ile tata inakaa juu ya mnara mrefu katikati ya jengo lililokwisha kukamilika, ndiyo maana kuitengeneza ni vigumu. Kwa hiyo kila mashine unayoiona kwenye modeli yako, uliza itatokaje. Chora njia ya kutokea kwake kama mwanya mwingine, upana na kimo, hadi mlangoni. Asitokee mtu akapitisha bomba katikati ya njia hiyo kwa sababu tu aliona pako wazi.

Njia za kuwashusha abiria mtambo ukikwama nazo ni hivyo hivyo: ngazi na vijia vya ukaguzi visikatizwe popote ambapo gari linaweza kusimama. Hili msimamizi wa usalama atakukumbusha mwenyewe, sitalirefusha.

Halafu kuna nafasi ambazo zisipowekwa mwanzo haziwekeki tena. Magic Kingdom, bustani ya Disney huko Florida iliyofunguliwa 1971, ina njia za wafanyakazi chini ya mitaa ya wageni. Maji ya ardhini ya Florida yako karibu, hivyo njia hizo zilijengwa usawa wa ardhi, zikafunikwa kwa udongo uliochimbwa kwenye ziwa la jirani, na bustani ikajengwa juu yake. Mgeni anatembea ghorofa ya pili bila kujua. Uamuzi wa aina hiyo huja kabla ya jengo la kwanza, na modeli ya awali kabisa, yenye maboksi matupu, inatosha kuujadili. Usisubiri undani.

Mistari ya macho je? Mgeni aliye katika kijiji cha kale asione paa la ghala la bustani ya jirani. Simamisha jicho la mtu mzima na la mtoto kwenye kila njia ya modeli, ukatazame. Tower of Terror, mnara wa burudani wa mwaka 1994 kwenye bustani nyingine ya Disney huko Florida, huonekana kutoka eneo la Morocco ndani ya EPCOT, bustani ya jirani, na wasanifu waliupa mgongo wake rangi na umbo linalofanana na majengo yale ili usiharibu mandhari. Siku hizi uchunguzi huo unaufanya asubuhi moja kwenye kompyuta.

Ukitaka kuona haya yote yamebanana mahali pamoja, soma kuhusu kasri la Enchanted Storybook la Shanghai Disneyland, bustani iliyofunguliwa Juni 2016. Lilisanifiwa kwa BIM, na lina urefu wa karibu mita 60. Ndani mna mgahawa, ngazi za matembezi na sehemu za maonyesho, na mashua za wageni hupita chini yake. Kila shughuli hapo ina mwanya wake, na minara kwa nje bado inatakiwa ipendeze.

Gharama sitaigusa leo. Unaijua kuliko mimi. Ila usiruhusu mtu akate muda wa kuskani ili kupunguza bajeti. Na timu ya matengenezo, ambayo itafanya kazi usiku bustani ikiwa imefungwa, iketi mezani tangu mwanzo. Wao ndio watakaokuambia mkono wa fundi unahitaji nafasi kiasi gani nyuma ya paneli ya umeme.

Nitumie orodha ya makandarasi wako na jina la modeli ya kila mmoja, pamoja na mkataba wa taarifa kama umekwisha kuandikwa. Nitausoma na kukurudishia maoni pembeni. Kuhusu taa, sauti na mifumo ya maonyesho nitakuandikia kando, maana mambo yake ni mengi na barua hii imeshakuwa ndefu. Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Wako daima,
Swahiba wako