Pimeni kwanza, mfagie baadaye

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka 19 bila kukuandikia hata mstari. Lakini ile makala yenu ya kubadilisha vizuia joto vya darini imenishinda kuvumilia. Eti mtu apande na ufagio na magunia, azoe kuukuu, atandaze vipya, basi. Asbesto, yale madini ya nyuzi nyembamba ambayo vumbi lake likivutwa huleta saratani, haikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Mimi nilizoa. Nyumba yetu ni ya zamani, na darini kulijaa punje za kahawia zinazometameta, zimekunjika tabaka tabaka kama kodiani. Fundi alichota kiganja kimoja, akapuliza, akacheka: "Mawe tu haya, mzee." Ni mawe kweli, yanaitwa vemikulaiti. Balaa ni kile kilichochimbwa pamoja nayo. Mgodi wa Libby, huko Montana, Marekani, uliuza vemikulaiti kwa miongo mingi hadi ulipofungwa 1990, na mwamba wake ulikuwa na asbesto. Fundi hakujua, nami sikuuliza. Tulifagia asubuhi nzima, vumbi likishuka kwenye tundu la dari hadi kitandani kwa mtoto. Jioni mke wangu akazikung'uta nguo zangu mlangoni, kisha akapitisha mashine ya kufyonza vumbi, ile ya kawaida, ambayo nimekuja kuambiwa kwamba inavuta nyuzi hizo mbele na kuzitema hewani kwa nyuma, maana chujio lake haliziwezi. Barakoa yangu? Ya karatasi. Siku tatu baadaye ndipo binamu yangu aliponishauri nipeleke kifuko maabara. Majibu: asbesto ipo. Saratani yake huchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Daktari amenituliza kwamba asubuhi moja si sawa na aliyefanya kazi nayo maisha yake yote. Namshukuru. Usiku bado nahesabu.

Na hao wanaotuuzia nyumba! Tulionyeshwa bomba jipya, rangi mpya, hata kitasa kipya cha choo. Tulipoomba kuona darini, ghafla ngazi haikujulikana ilipo.

Kama dari imetulia na hakuna anayeigusa, iacheni ilale. Kama lazima iguswe, aitwe mwenye vifaa achukue sampuli, sehemu ilowanishwe maji kwanza, zichotwe punje za pembe kadhaa hadi chini kabisa, kwa sababu kiganja cha juu kinaweza kutoka safi na cha chini kisiwe. Hadi majibu yarudi, mtu asipande.

Nanyi, makala ijayo ya ukarabati ianze kwa maneno PIMA KWANZA, kwa herufi zile mnazotumia kwa matokeo ya mpira. Mkiona nafasi haitoshi, nusu ya dari yangu bado haijazolewa. Mwandishi wenu aje na ufagio wake. Ngazi nitamshikia, ila nguo akazikung'utie ofisini kwenu.

Msomaji wenu wa siku nyingi