Kwa nini wikiendi tunapakua saa nne

Ukiingia mkahawani kwetu siku ya kazi saa nne na nusu asubuhi, utamkuta mhudumu anafuta meza. Vitumbua vimekwisha, mbaazi zimebaki za kukwangua chini ya sufuria, na mchele wa mchana ndio kwanza unachaguliwa. Utaletewa chai na andazi la tangu alfajiri, utakula kwa adabu, na utaondoka na njaa yako. Siku za kazi si neno, maana saa hiyo watu wa mtaa wetu hapa Kikwajuni, mjini Zanzibar, wako makazini, madukani au bandarini. Shida ni Jumamosi na Jumapili. Siku hizo saa nne ndiyo saa ya watu kuingia, tena hawaji mmoja mmoja: anakuja baba, mama, watoto waliotoka chuo cha Kurani na juzuu kwapani, na bibi yao juu yake.

Ndiyo maana tumeanzisha mlo wa katikati, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, Jumamosi na Jumapili tu. Mahoteli ya pwani, kule Nungwi na Paje, yana mlo wa aina hiyo na yanauita branchi. Tunaulizwa sana kama na sisi tutapanga meza ndefu, mtu ajipakulie mpaka achoke. Hapana. Kwa joto letu hili chakula cha nazi kikikaa wazi mezani kinachacha upesi, na tusichokiuza itabidi tukimwage. Utaagiza, utapikiwa, utaletewa. Bei ziko ubaoni mlangoni, na ni zile zile za siku za kazi.

Mlo wenyewe asili yake Uingereza. Mwaka 1895 mwandishi mmoja, Guy Beringer, aliupigia debe kwa hoja kwamba aliyekesha Jumamosi usiku asilazimishwe kuamka mapema Jumapili. Hoja hiyo kwetu haina kazi. Mteja wetu wa saa nne ameamka kwa adhana ya alfajiri, ameshafagia uwanja, ameshakwenda sokoni Darajani na kurudi na kikapu, na tumboni ana chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na kipande kikavu cha mkate wa boflo. Huyu haji kuchezesha mdomo. Anataka kula.

Kwa hiyo tumeanza na vitu vizito. Mbaazi za nazi hulowekwa usiku, huchemshwa kwa tui jepesi, na kasimele, yaani tui zito, hutiwa mwisho kabisa, moto ukiwa umeshapunguzwa, ili tui lisikatike. Kuna muhogo wa nazi, kuna maharage, kuna chapati, kuna mchuzi wa samaki. Mayai pia yapo kwa anayeyataka, ingawa sijaona mtu akaacha muhogo wa nazi kwa ajili ya yai la kukaanga.

Vitumbua ndivyo vinavyoleta maneno. Bibi mmoja alimwita mhudumu wetu akamwuliza, "Mwanangu, hivi vitumbua mmevifuata Pemba?" Ana haki ya kuuliza, kwa sababu huchukua muda. Mchele wake hulala majini usiku kucha, asubuhi husagwa na tui, hutiwa hamira, sukari na hiliki, halafu huachwa uumuke. Hapo hapana haraka yoyote inayosaidia. Chuma chetu kina vishimo saba. Kila kishimo hutiwa mafuta kidogo, kisha unga, na mpishi hukaa nacho jicho kwa jicho mpaka ukingo ugeuke rangi ya kahawia na katikati pawe bado panatikisika. Hapo ndipo hukigeuza kwa kijiti. Akiwahi kinavunjika, akichelewa kinaungua chini. Tungeweza kuvipika vyote saa moja na kuvifunika kwenye hotipoti, na wateja wasingesubiri. Lakini kitumbua kikifunikwa hutoa jasho, ule ukingo mkavu unalegea, na unachokula ni uji uliokaangwa. Bora tulaumiwe kwa kuchelewa. Chai utaletewa mara ukikaa, ya maziwa au ya mkandaa, na kikombe cha pili hakina malipo.

Supu ya pweza ina kalenda yake. Wachokoaji wa Jambiani na Makunduchi huingia miambani maji yakipwa sana, yaani siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Na siku hizo maji huwa yamepwa kabisa kuelekea saa nne asubuhi, saa ile ile tunayoanza kupakua. Mwenye hesabu ameshaona: pweza wa leo hawezi kuwa kwenye bakuli la leo saa nne. Tunayempika ni wa jana, aliyelala kwenye friza, na kwa pweza hilo ni jema, maana baridi ile humlainisha kuliko kumpiga. Wikiendi za maji mafu, yasiyokupwa sana, usituulizie. Tutakupa supu ya ng'ombe. Kuna wanaonuna kwa hilo, lakini bahari hatuiendeshi sisi.

Urojo huanza saa tano. Wazee wanaguna, wanasema urojo ni chakula cha alasiri, na mimi moyoni niko upande wao. Vijana wa majumba ya Mjerumani hapa jirani wameshaamua vingine, wanaufuata kabla hata ya adhuhuri, basi tumekubali. Lakini bajia, kachori na chatine vyote huandaliwa baada ya vitumbua kushuka moto, kwa hiyo kabla ya saa tano haupo, hata ukimjua mpishi.

Adhana ya adhuhuri ikitoka, jiko husimama kidogo watu wasali. Ukiagiza karibu na wakati huo, utasubiri.

Wanaokuja wanne au zaidi, agizeni sinia badala ya sahani moja moja. Hutoka haraka, kwa sababu hupakuliwa mara moja, na watoto hula vizuri zaidi wakimwona mwenzao anatia mkono. Wakubwa wanaotaka sahani zao watapewa. Meza hatuweki akiba, isipokuwa kwa mzee asiyeweza kusimama. Mtume mtu mapema atuambie, tutamwekea kiti karibu na mlango penye upepo.

Mwezi wa Ramadhani huduma hii hatuna, tunahamia kwenye futari.

Kuchukua nyumbani inaruhusiwa kwa kila kitu ila supu ya pweza, ambayo kwanza huwa haitoshi. Njoo na chombo chako. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku visiwani, na bado kila Jumapili kuna anayeomba afungiwe urojo mfukoni. Chapati na maandazi tunafunga kwenye karatasi. Kwa urojo, lete bakuli lenye kifuniko kinachobana, hasa kama unarudi kwa bodaboda.