Mnara wa Chesterfield haukupindwa na mbao mbichi peke yake

Mhariri,

Picha ya kanisa la Mtakatifu Maria na Watakatifu Wote, mjini Chesterfield, Uingereza, ambalo kilele cha mnara wake kimejipinda, husambaa sana mitandaoni, na kila ikipita huja na moja ya maelezo mawili ya kupinda huko: ama shetani aliukalia mnara, ama mafundi walitumia mbao mbichi. La shetani tuliache. La pili ni kweli nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye faida kwa fundi wa paa.

Maseremala wa Uingereza wa karne ya 14 walizoea kujenga kwa mwaloni mbichi. Ukishakauka ni mgumu mno kwa patasi. Walitoboa kiungo wakapigilia kigingi kikavu, na mbao iliposinyaa ilikibana. Mwaloni ukikauka hupungua upana kwa asilimia 8 hivi, lakini urefu haubadiliki sana. Mapaa mengi ya namna hiyo yamenyooka hadi leo.

Kasoro ya Chesterfield ni upungufu wa mbao za mshazari. Kilele kile cha pembe 8, kilichopandishwa mnamo 1362 juu ya mnara wa mawe, hakikufungwa vya kutosha kwa ndani. Miti iliyosimama hubeba uzito, ndiyo, ila bila mshazari hakuna kinachoizuia kuzunguka pale viungo vinapolegea. Tauni ya 1348–1349 ilikuwa imeua mafundi wengi, na huenda waliobaki hawakuwa na uzoefu wa kazi ya kimo kile.

Halafu ukaja mzigo: mabamba ya risasi (ile metali nzito na laini) ya kuezekea, tani 33 hivi, juu ya kiunzi ambacho inaaminika kilikusudiwa kubeba vigae vya mbao tu.

Na risasi ina tabia yake. Bamba la mita 2 likipata joto la nyuzi 35 zaidi hurefuka karibu milimita 2. Mwaloni wa urefu huo haufiki hata nusu milimita. Jioni bamba husinyaa lakini halirudi lote lilikotoka, kwa kuwa ni laini na uzito wake unalivuta chini. Upande wa kusini hupigwa na jua, wa kaskazini uko kivulini, kwa hiyo mvutano haulingani. Rudia hayo kwa karne kadhaa: kilele kimejizungusha nyuzi 45 na kuinama kusini-magharibi, ncha ikiwa imehama karibu mita 2.9, kwenye kimo cha mita 69 na ushei toka ardhini.

Anayeitazama picha akumbuke pia kwamba jicho linadanganywa kidogo. Mabamba yamelazwa mshazari, kulia na kushoto, katika kila uso, hata pande 8 zikaonekana kama 16. Kupinda kupo kweli, ila mistari ya risasi inakuongezea.

Fundi seremala,
Tanga